Mweusi tii, kisha jua la Dodoma

Kwenye ukuta wa sebule yetu, Area C, kuna cheti cha ualimu cha marehemu baba. Kimetundikwa mkabala na dirisha la magharibi, mahali ambapo jua la jioni la Dodoma huingia bila hodi. Nembo ipo. Maneno ya uchapaji yapo, meusi kama yalivyotoka mtamboni mwaka 1978. Kinachokosekana ni jina. Pale lilipoandikwa kwa mkono, kwa wino ambao mama anaapa ulikuwa mweusi tii, sasa pana kivuli cha rangi ya chai ya maziwa, na ukisogeza uso karibu unaona mkwaruzo wa nibu tu. Cheti kinathibitisha kwa herufi kubwa kwamba mtu fulani amefuzu. Ni nani, jua limemfuta.

Pamoja na cheti hicho baba aliniachia kalamu yake ya kujaza wino, Hero ya China, ya kijani iliyokolea, kofia ya chuma, nibu imejificha ndani ya shingo kama kobe. Umbo lake linaigiza Parker 51, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1941, na walimu wengi wa zama za baba waliichomeka mfuko wa kifuani kama wengine wanavyovaa nishani. Bado inaandika. Nilichokuwa sina ni wino, na baada ya kukitazama kile cheti kwa miaka niliazimia kwamba wino wangu uwe mweusi kuliko wote unaopatikana, na ubaki hivyo.

Nikaenda dukani mjini, moja ya zile steshenari zilizobanana kuelekea soko la Majengo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mna wino wa kalamu?"

Kijana akaweka mezani kichupa cha zambarau. Nikamwambia huo ni wa mhuri. Akaleta chupa nyeupe yenye mdomo mrefu: wa printa. Nikatikisa kichwa. Akaingia nyuma, akakaa huko kitambo, akarudi akifuta vumbi kwa kiganja kwenye chupa ndogo ya wino wa kuchorea ramani, ule wanaoutumia mafundi michoro.

"Huu ndio mweusi wenyewe, mzee. Hautoki hata kwa Jiki."

Alikuwa amesema kweli tupu. Na laiti ningeumimina kwenye Hero ya baba, kalamu ingekufa kabla ya wiki kwisha.

Kwa nini wino mweusi kuliko wote ndio usiofaa kalamu? Jibu linaanzia kwenye jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulishuhudia jikoni. Chukua kipande cha chaki nyeupe. Kizungushie mstari wa wino mweusi wa kawaida wa kalamu, kidole kimoja kutoka chini. Kisimamishe kwenye kisosi chenye maji kidogo, maji yasiufikie mstari. Kisha piga soga. Maji yatapanda ndani ya chaki, yatafika kwenye mstari, na ule weusi utaanza kuvunja ndoa: bluu itakimbilia juu, nyuma yake zambarau, na chini itabaki rangi ya manjano iliyochakaa au kahawia, kutegemea chupa uliyonunua. Quink nyeusi ya Parker, wino uliozinduliwa mwaka 1931 na kuenea kote walikofika makarani wa Kiingereza, ni mfano mzuri. Wapo hata wachoraji wanaoipenda kwa sababu hiyo, kwamba ukiitia maji weusi wake unageuka bluu yenye mwanga wa dhahabu pembeni.

Maana yake ni kwamba weusi wa chupa nyingi ni makubaliano tu. Ni rangi tatu au nne zilizoyeyushwa majini, kila moja ikimeza sehemu yake ya mwanga, hadi jicho likakosa cha kuona likasema "nyeusi". Makubaliano hayo yanadumu gizani. Juani, mwanga unavunja rangi moja baada ya nyingine, wala si kwa kasi sawa. Ikitangulia bluu kufa, maandishi yanakuwa ya kahawia. Ikitangulia ya manjano, yanakuwa ya zambarau. Hapo ndipo chai ya maziwa ya jina la baba ilipotoka. Na maandishi ya uchapaji pembeni yake hayakusogea hata kidogo, kwa sababu wino wa mchapaji ni masizi: kaboni iliyosagwa ikachanganywa na mafuta. Kaboni haina rangi ya pili ya kugeukia.

Masizi, basi. Kile kitu ambacho mama zetu wanakikwangua chini ya sufuria.

Wino wa masizi ni wa kale mno. Wamisri walikuwa nao kwenye mafunjo, Wachina waliukausha ukawa vijiti vya kusugulia juu ya jiwe lenye maji. Pwani yetu, wanakili wa Siyu, kisiwani Pate, waliosifika karne ya 19 kwa misahafu yao, walichovya kalamu za mwanzi kwenye weusi wa namna hiyo. Wino wenyewe ulikuwa na heshima kiasi kwamba watunzi wa tenzi walizoea kuuagiza kwanza, pamoja na karatasi na kalamu nzuri, ndipo wakaingia kwenye kisa. Mwana Kupona, anayemuusia binti yake katika utendi wa mwaka 1858, naye hakuianza nasaha yake kabla ya kumwambia mtoto akae kitako ashike wino na karatasi. Baadhi ya maandiko ya Kiarabu ya zama hizo yamo kwenye hifadhi ya nyaraka Zanzibar, na mwaka 2003 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Lakini masizi peke yake ni vumbi. Yatie majini, yatatuama chini. Yaandikie, yakikauka utayapuliza yaende zao. Yanahitaji kitu cha kuyashika yasizame na kisha kuyagandisha kwenye karatasi, na kitu hicho kwa maelfu ya miaka kimekuwa gundi ya mgunga. Dunia inaiita gundi ya Kiarabu kwa sababu ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu, ingawa mti wenyewe ni wa nyika kavu za Afrika, na Sudan ndiyo inayoongoza kwa kuiuza. Wino, soda za chupa, peremende, rangi za maji za watoto wa shule, vyote hivyo huiomba.

Na mti huo uko hapa. Toka Dodoma uende Manyoni na Singida wakati wa kiangazi, shuka garini uingie kidogo vichakani, utauona mgunga ule mfupi wenye miiba ya kunasa nguo ambao wengi wanauita kikwata. Gome likichanwa, au likijipasua kwa ukame, linatoa donge la rangi ya asali, laini kwanza, kisha gumu kama kioo. Watoto wachungaji hulitafuna. Wengine huliokota na kuliuza, na Singida ni miongoni mwa mikoa inayojulikana kwa gundi hiyo. Nimewahi kulivunja donge moja kwa nyundo, nikaliloweka usiku kucha kwenye kikombe, asubuhi nikachanganya na masizi ya taa ya kibatari niliyoyakusanya chini ya kisosi cha bati. Nilipochovya kijiti na kuandika, ulitoka weusi ambao sijauona kwenye chupa yoyote ya dukani: hauna bluu, hauna ukijivu, haung'ai. Karatasi ilionekana kama imetobolewa, na nyuma yake ni usiku.

Hapo ndipo tamaa inapokutana na ufundi. Kalamu ya kujaza inamwaga wino kupitia mfereji mwembamba kuliko uzi, uliochongwa chini ya nibu. Gundi ikikaukia humo imeshakuwa saruji. Wino wa michoro aliouleta yule kijana una gundi ya aina hiyo au utomvu mwingine unaokauka usirudi tena majini. Kwa kalamu ya kuchovya ni raha tupu, unachovya, unaandika, unafuta. Kwa Hero ya baba ni jeneza.

Kati ya rangi zinazoyeyuka na masizi kulikuwa na njia ya tatu, na ndiyo iliyotawala ofisi za dunia kwa karne nyingi: wino wa chuma. Unachukua tanini, ile dawa kali inayokausha ulimi ukitafuna gome au maganda ya mgunga, na ambayo watengeneza ngozi wanaitumia. Ulaya waliitoa kwenye vivimbe vinavyoota juu ya mialoni. Unaichanganya na chumvi ya chuma. Majini mchanganyiko huo ni hafifu, karibu haupo. Ukishatua kwenye karatasi na kuvuta hewa, chuma na tanini vinashikana, vinakuwa vyeusi, na vinang'ang'ania nyuzi za karatasi hata maji hayaviwezi. Mwandishi aliandika kitu cha kijivu asubuhi, akakikuta cheusi kesho yake. Ili aone anachoandika, watengenezaji walitia rangi ya bluu, na ndipo likazaliwa jina la wino wa bluu-nyeusi ambalo wazee wetu wanalikumbuka kwenye lebo za chupa.

Wajerumani, watu wa kanuni, waliuchukulia wino kama silaha ya serikali. Mwaka 1888 Prussia ilitunga kanuni za kupima wino wa ofisi, ukiwamo ule wa chuma wa hati za kudumu. Reli yao ya kati ilipofika Dodoma, mnamo 1910, makarani walishuka na vidau. Mafaili ya utawala wao yaliyosalia yamo kwenye Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, na UNESCO iliyatambua mwaka 1997. Wino wa chuma una adhabu yake, hata hivyo: unapozeeka hugeuka kahawia, na ukiwa mkali unaila karatasi taratibu, herufi zinadondoka kama zimekatwa kwa wembe. Nibu za chuma nazo unazitafuna. Diamine ya Liverpool bado wanatengeneza wino wa namna hiyo, ule uliozoeleka kwenye daftari za ndoa na vizazi vya Uingereza. Ni mzuri, nauheshimu, lakini si mweusi kuliko wote.

Nimesema yote haya kwa sababu mji huu unakula wino. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa mwaka 1973, lakini tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016 karatasi zimetufuata kama nzi: Bunge, wizara za Mtumba, mawakili, kampuni za upimaji, watu wa viwanja. Kila fomu inadai wino wa bluu au mweusi. Mtihani wa darasa la saba unadai hivyohivyo. Hakuna anayeuliza mweusi upi. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa idara ya mifugo Mpwapwa miaka ya 1940, angeshangaa kuona jinsi tunavyotia saini hati ya nyumba ya watoto wetu kwa peni iliyookotwa juu ya meza ya mlinzi.

Sasa nirudi kwenye chupa. Wajapani ndio waliolitegua lile tatizo la masizi. Sailor na Platinum, kampuni mbili za kalamu zilizoanza kabla ya miaka ya 1920, zinauza wino wenye chembe za kaboni zilizosagwa hadi zikawa ndogo mno, chini sana ya sehemu moja ya elfu ya milimita, zinazoelea bila kuhitaji gundi nzito. Kiwaguro ya Sailor na Carbon Black ya Platinum zinapita kwenye mfereji wa kalamu ya kawaida, zikikauka kwenye karatasi hazisogei kwa maji wala jua. Noodler's ya Marekani ilipita njia nyingine: rangi yao nyeusi inashikana na nyuzi za karatasi yenyewe, ukiimwagia maji yanayotoka ni yale ambayo hayakupata uzi wa kushika. Aurora ya Torino, Italia, haidai kudumu hivyo, lakini ina weusi mzito wenye majimaji ambao wapenzi wa kalamu wanausifu miaka nenda rudi. Pelikan 4001 ya Ujerumani ni mtumishi mwaminifu, nyeusi ya kiofisi. Duka la Dodoma halina hata moja kati ya hizi. Za kwangu nililetewa na shemeji kutoka ughaibuni, ndani ya soksi.

Hukumu yangu, baada ya mwaka mzima wa kuchafua vidole: kwa jicho la leo, Carbon Black na Aurora zinakaribiana, na nibu pana inayotiririka itaongeza weusi kuliko kubadili chupa. Kwa jicho la mwaka 2078, kaboni, bila mjadala.

Karatasi nayo ina neno. Nilipoandika kwenye daftari la kwaya tatu, lile la karatasi laini inayonyonya, wino wangu bora ulizama ukawa kijivu na kuota mizizi pembeni ya kila herufi. Kwenye karatasi ngumu yenye uso uliobanwa, wino uleule ulikaa juu ukawa lami. Rafiki yangu mmoja alikuwa amenunua wino wa bei ya mbuzi akalalamika kwamba umechakachuliwa; nilimpa karatasi nyingine tu.

Na nyanda hizi za kati zina masharti yake. Tunapata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki upepo mkavu unanyonya kila kitu chenye unyevu. Kalamu ukiiacha wazi wakati unamsikiliza mtu kwenye simu, nibu imekauka kabla hajafika kwenye hoja. Kwa wino wa rangi unailamba tu na kuendelea. Kwa wino wa kaboni usifanye mzaha: kofia irudi kichwani kila unaponyamaza, na kalamu ioshwe kila baada ya wiki chache. Uioshe kwa nini? Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi, birika zinaota ukoko mweupe kwa ushahidi, na ukoko huo hautaki kuuona ndani ya mfereji wa kalamu. Mimi nanunua maji ya betri kituo cha mafuta. Ni maji yaliyosafishwa yakabaki maji matupu. Ila soma lebo mara mbili, maana kwenye rafu hiyohiyo, kwenye kidumu kinachofanana nacho kama pacha, kuna asidi ya betri.

Mwinuko nao. Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya nane. Zamani basi lilipanda polepole, kalamu ikapata muda wa kuzoea. Tangu treni ya umeme ianze kutufikisha hapa kwa chini ya saa nne, katikati ya 2024, nimejifunza somo kwa gharama ya suti ya Kaunda ya rangi ya maziwa. Kalamu ilikuwa nusu tupu, imelala kichwa chini mfukoni. Hewa iliyofungiwa ndani ilivimba kadiri tulivyopanda, ikausukuma wino utoke. Niliposhuka stesheni, abiria mwenzangu, mama mmoja wa makamo, alinishika mkono kwa huruma: "Pole baba, umeumia?" Doa lilikuwa juu ya moyo kabisa, na kwa kuwa lilikuwa la kaboni, fundi wa nguo alilitazama akacheka. Hautoki hata kwa Jiki. Kabla ya safari sasa najaza kalamu pomoni au naimwaga yote, na nibu inatazama juu.

Anayetaka kuona rangi ikipimwa kwa umri halisi, aende Kolo, wilayani Kondoa, zaidi ya kilomita 150 kaskazini mwa jiji. Kwenye miamba kuna watu warefu wembamba, twiga, swala, wamechorwa kwa rangi nyekundu iliyosagwa kutoka kwenye udongo wa chuma. Mary Leakey alizinakili picha hizo miaka ya 1950, na mwaka 2006 zikaingia katika Urithi wa Dunia. Mvua imezipiga, moshi na vidole vya watu vimezisumbua, lakini jua peke yake halikuweza kuzigeuza chai ya maziwa. Ni chembe za madini, si rangi iliyoyeyushwa.

Mwezi uliopita nilikishusha kile cheti. Nilikuwa na kalamu imejaa kaboni mkononi, na sitaficha, nilishawishika: mkwaruzo wa nibu bado unaonekana, mkono thabiti ungeweza kufuata njia ileile na kumrudisha mwalimu wangu kwenye cheti chake. Mke wangu akaniuliza kama najua kifungo cha kughushi ni miaka mingapi. Nikaiweka kalamu chini.

Nikageuza fremu ili nikitundike chumbani, mbali na dirisha. Nyuma kuna ubao mwembamba wa plaiwudi, na juu yake fundi aliyetengeneza fremu, kwa ile penseli ya seremala inayokaa sikioni, aliandika jina la mteja ili asichanganye kazi. Risasi ya penseli ni kaboni nayo. Jina la baba lipo lote, herufi kubwa, jeusi, na chini yake: "Salio sh. 5."

Mama anasema alilipa.